Je, Wajua? Vile Vidoa Vinavyoelea Angani Vimo Ndani ya Jicho Lako

Tazama anga la asubuhi, au ukuta uliopakwa chokaa, utulie kidogo. Watu wengi wataona kitu: uzi uliojipinda, kidoa, mnyororo wa vishanga visivyo na rangi. Ukikikazia macho kinakimbilia pembeni. Ukilisimamisha jicho, chenyewe bado kinaserereka kidogo ndipo kitue. Wengi hufikicha macho, wakanawa uso, na kidoa kikabaki palepale.

Hakifutiki kwa sababu unachokiona ni kivuli. Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mzito ulio angavu kama ute wa yai. Ni mililita 4 hivi tu, lakini umechukua sehemu nne kati ya tano za jicho zima. Takriban asilimia 98 ya ute huo ni maji. Kinachoushikilia usimwagike ovyo ni nyuzi nyembamba mno za kolajeni na asidi ya hayaluroniki. Miaka inavyokwenda, ute hulegea. Sehemu yake hugeuka majimaji, nyuzi hushikana na kufanya mafundo, na kila fundo hutupa kivuli kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Huwezi kukitazama kidoa uso kwa uso kwa kuwa popote jicho linapogeuka, nacho kinageuka.

Unataka kuviona vizuri zaidi? Toboa kadi kwa sindano, isogeze karibu na jicho, kisha tazama anga kupitia kitundu hicho, mbali kabisa na jua. Mwanga unaopita penye kitundu kidogo hutoa kivuli chenye kingo kali, hivyo vidoa ambavyo hukuwahi kuvijua vitajitokeza, vingine vikiwa vimezungukwa na miduara. Mchana wa jua kali mboni hujibana na kufanya kazi ileile ya kadi. Ndiyo maana vidoa husumbua zaidi ufukweni na mbele ya kompyuta yenye ukurasa mweupe kuliko sebuleni jioni.

Je, wajua kwamba si kila kinachotembea angani ni kidoa cha namna hii? Kwenye anga la buluu lisilo na wingu utaona pia chembe ndogo zinazong'aa, zikikimbia kwa vijia vilevile na kupotea, kasi yake ikipanda na kushuka na mapigo ya moyo. Hizo ni chembe nyeupe za damu yako, zinapita kwenye mishipa midogo iliyo mbele ya retina. Hata mishipa yenyewe hutupa vivuli saa zote, ila ubongo umeshaizoea na kuifuta. Daktari wa macho anapokumulika na taa yake, mara nyingine utaona mti mweusi wenye matawi mengi. Ni mishipa yako hiyo.

Asidi ya hayaluroniki, inayotangazwa leo kwenye krimu za uso na kuchomwa kwenye magoti yanayouma, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliipata kwenye ute wa macho ya ng'ombe. Wauza krimu hawana haraka ya kuitaja habari hiyo.

Sasa swali la wengi: niwe na wasiwasi? Kidoa ulichonacho miaka na miaka, kinachokuja na kuondoka, si ugonjwa. Kwa maoni yangu watu huhesabu vidoa vyao bure. Cha kuuliza ni kama kuna kipya, na kama kimekuja ghafla.

Sababu yake ni hii. Kwa wengi, baada ya umri wa miaka 50 au 60, ute uliokonda hujibandua kutoka kwenye retina. Wenye miwani ya kuonea mbali hupatwa mapema zaidi, na hata waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ute unapovuta retina, mtu huona mimweko pembeni mwa jicho, hasa gizani. Retina haina namna ya kusikia maumivu. Ikivutwa, ikisukumwa, jibu lake ni moja tu, mwanga. Mara nyingi kujibandua huko huisha salama, na kunaacha kidoa kikubwa chenye umbo la pete. Lakini kati ya watu kumi wanaofika kliniki na dalili hizo za ghafla, mmoja au wawili hukutwa retina imechanika.

Hapo saa zinahesabika. Maji hupenya kwenye mchaniko na kuibandua retina kutoka kwenye mishipa inayoilisha kwa nyuma. Dalili zake: mvua ya vidoa vyeusi vipya, mimweko isiyokoma, au kivuli kinachofunika upande mmoja kama pazia linaloshuka. Kwa mgonjwa wa kisukari, vidoa vingi vya ghafla vinaweza kuwa damu iliyovuja ndani ya jicho. Jicho likiwa jekundu, linauma na kukimbia mwanga, huenda ni uvimbe wa ndani. Yote hayo ni ya kwenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama huna maumivu yoyote.

Mchaniko uliowahiwa huzibwa kwa leza, mgonjwa akiwa ameketi kitini. Tiba hiyo ina asili ya ajabu. Mpaka mapema karne ya 20, retina iliyobanduka ilimaanisha upofu, na wagonjwa walilazwa kitandani wiki nyingi bila faida. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeshikilia kwamba tundu ndilo chanzo, akawa anaziba matundu kwa kuyachoma kwa chuma cha moto. Kisha ikaja Julai 1945 na kupatwa kwa jua. Daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona retina zilizoungua kwa kulitazama jua, akajiuliza: kama mwanga unaweza kuunguza bila kisu, kwa nini usizibe tundu? Alianza kwa kunasa miale ya jua kwa vioo juu ya paa la hospitali huko Hamburg. Mji ule haujulikani kwa jua, basi baadaye akahamia kwenye taa.

Matone ya duka la dawa hayayeyushi vidoa. Hayafiki kwenye ute. Upasuaji wa kuutoa ute upo, ulibuniwa na Robert Machemer huko Miami miaka ya 1970, lakini mara nyingi huleta mtoto wa jicho na unaweza kuichana retina yenyewe, kwa hiyo madaktari huufanya kwa nadra kwa ajili ya vidoa tu.

Ukienda kupimwa, utatiwa matone ya kutanua mboni ili daktari aone mpaka kwenye kingo za retina, mahali michaniko inapopenda kujificha. Kwa saa kadhaa hutaweza kusoma meseji, na jua litakuchoma. Beba miwani ya jua, uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala bodaboda.