Uwanja wa Ndege za Kivita wa Mafia, 1915: Kuanzishwa na Kuachwa

Mtahiniwa, swali likikutaka ueleze chanzo na mwisho wa kituo cha kijeshi, jiulize kwanza: kilijengwa kwa kazi gani? Kazi hiyo ikiisha, kituo nacho huisha. Uwanja wa Mafia ni mfano mzuri.

Chanzo. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar. Kisha ilijificha katika delta ya Rufiji, ambayo leo sehemu yake kubwa iko wilaya ya Kibiti. Mikoko iliificha, na kina kifupi cha maji kilizuia manowari kubwa za adui kuingia.

Kuanzishwa. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, mkabala na delta, na baadaye wakafyeka kiwanja cha ndege. Manowari zao mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliweza kuingia mtoni, lakini wapigaji mizinga hawakuiona shabaha. Rubani na msaidizi wake waliona makombora yanakoangukia, wakatuma maelekezo kwa simu ya upepo. Shambulio la 6 Julai lilishindwa. Tarehe 11 Julai Königsberg iliharibiwa vibaya, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Siku hiyo ndege ya Cull na Arnold ilipigwa. Arnold aliendelea kutuma maelekezo huku ikishuka, hadi ikaanguka mtoni. Wote wawili waliokolewa.

Kuachwa. Shabaha ilikwisha, na mwaka 1916 mapigano makubwa yalihamia bara. Kiwanja hakikuwa tena na kazi kilichojengewa.

Kosa la kuepuka. Usiandike kwamba kuangamia kwa Königsberg kulimaliza vita. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika na kutumika dhidi ya Waingereza. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918. Ukitaja ndege na manowari tu, umewasahau watu waliobeba mzigo wa vita isiyo yao; hoja hiyo ikamilishe jibu lako.

Jipime. Eleza kwa nini mazingira ya delta yaliilinda Königsberg mwanzoni, lakini hayakuiokoa mwishoni.