Kiungo Kinachozungusha Gurudumu Linapokata Kona

Askari wetu wa usalama barabarani, wanapokagua gari dogo, huinama na kutazama nyuma ya gurudumu la mbele. Wanachokitafuta ni mpira mweusi wenye mikunjo, unaofunika kiungo ambacho mafundi hukiita sivi jointi.

Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, gurudumu hulivuta gari na papo hapo hukata kona. Shafti itokayo kwenye giaboksi haipindi, ilhali gurudumu sharti lipinde. Krosi, kama ile ya propela ya lori, huunganisha shafti mbili zilizopindana, lakini ina kasoro: shafti ya kwanza ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, ya pili huharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 30, mwendo wake hushuka hadi takriban asilimia 87 ya ule wa kwanza, kisha hupanda hadi 115. Kwenye lori hufungwa krosi mbili, ya pili ikifuta kosa la ya kwanza. Nyuma ya gurudumu la mbele nafasi ni finyu mno.

Katika miaka ya 1920, mhandisi Alfred Rzeppa, nchini Marekani, alitumia gololi sita. Ndani ya kikombe cha chuma mna kitovu cha mviringo. Vyote viwili vimechongwa mifereji sita, na kila mfereji una gololi yake iliyoshikwa na kizimba. Gurudumu likipinda, gololi zote hulazimika kukaa katika bapa moja, linaloigawa pembe ya shafti hizo nusu kwa nusu. Hapo kila gololi huwa na umbali ule ule kutoka kwenye mhimili wa shafti zote mbili, hivyo hakuna shafti inayoitangulia nyenzake.

Mpira ukichanika, grisi hutoka na vumbi la murram huingia, likasaga mifereji. Mlio wa ta-ta-ta kwenye kona kali ndio dalili. Wapo wanaoufunga mpira uliochanika kwa kamba. Hilo halizuii vumbi.

Hatari kubwa ni mlimani, mathalani kati ya Kabale na Kisoro. Kiungo kikikatika, difu huipeleka nguvu upande uliokatika, nalo gari haliendi. Dereva wa otomatiki huweka gia kwenye P akidhani ameliegesha salama. Kumbe P hufunga giaboksi, si magurudumu; upande mmoja ukiwa umekatika, gari huweza kurudi nyuma. Akanyage breki ya mguu, avute breki ya mkono kwa nguvu zote, ndipo jiwe liwekwe. Anayeliweka jiwe alisukume kutoka ubavuni mwa gari, asisimame nyuma yake.