Mwanasesere na Chumba cha Kujifungulia: Uigaji katika Mafunzo ya Matabibu

Stashahada ya utabibu nchini Tanzania huchukua miaka mitatu. Kada hii inakaribiana na ile ya wasaidizi wa madaktari iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1965, ila mhitimu wa Tanzania huweza kupangiwa kituo kisicho na daktari. Mtoto mchanga asiyepumua hasubiri msaada uitwe. Ndiyo maana swali la iwapo stadi zilizopatikana kwa mwanasesere humfikia mgonjwa si la kinadharia tu.

Ushahidi ulio wazi unatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ingawa waliofunzwa hawakuwa wanafunzi wa utabibu bali watoa huduma wa chumba cha kujifungulia. Mwaka 2010 walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Mwanasesere aliyetumika hujazwa maji yapatayo lita mbili ili awe na uzito wa mtoto halisi. Mwalimu hubinya vipira ili kifua kiinuke au kitovu kidunde. Mfunzwa humkausha, humchochea, husafisha njia ya hewa na, inapobidi, humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla ya dakika ya kwanza kwisha.

Miezi saba baadaye, waliofaulu zoezi la kuhuisha walikuwa asilimia 74, kutoka 18 kabla ya mafunzo. Kwa watoto halisi, hata hivyo, ufyonzaji wa ute na upuliziaji hewa haukubadilika, na uchocheaji ulipungua. Mtihani ulipitwa, huduma ilibaki palepale.

Kilichofuata hakikuwa kununua kifaa cha ghali zaidi. Kuanzia Februari 2011, wahudumu walifanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, papo hapo kazini, na la dakika 40 kila mwezi. Vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Waliochochewa mapema waliongezeka, waliohitaji mfuko wakapungua. Ulinganisho huu ni wa kabla na baada, katika hospitali moja, bila kundi la udhibiti. Hauthibitishi kila kitu.

Hata hivyo unatosha kutilia shaka desturi ya vyuo ya kupima stadi hii mara moja, siku ya mtihani. Daftari la mazoezi la mwanafunzi lingepaswa kuonyesha tarehe za marudio, na mwanasesere akae wodini, si katika kabati la maabara ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja.