Rial 11 na nusu kwa mchezo usiokamilika

Wengi wenu mlioko Maskati mnaijua vyema hali ya usiku wa Alhamisi katika nyumba zenye vijana. Watu wazima wamekaa ukumbini na kahawa yao, na nyuma ya mlango wa chumba zinasikika kelele za mtoto anayezungumza na watu wasioonekana. Katika nyumba moja ya jamaa zetu huko Al Khoud tulizisikiliza kelele hizo kwa makini, tukagundua jambo lililotufurahisha, nalo ni kuwa zilikuwa za Kiswahili. Kijana wa miaka 16, ambaye bibi yake akimsemesha Kiswahili humjibu kwa Kiarabu, alikuwa akimpigia kelele binamu yake aliyeko Unguja: "Nyuma yako! Rudi nyuma, we!" Binamu wa tatu alikuwa Uingereza, naye alikuwa akicheka tu.

Kijana huyo ndiye aliyetuletea swali hili. "Ami," alisema, "naomba unilipie gemu kwa kadi yako." Alikuwa ameuona mchezo mpya wa mtandaoni unaouzwa kwa dola 30 katika duka la Steam. Mchezo wenyewe haujakamilika, na wanaoutengeneza hawakulificha hilo. Waliandika kwamba ramani ni mbili tu kati ya zile zilizokusudiwa, kwamba makosa bado yako mengi, na kwamba siku utakapokamilika bei itapanda. Kwa maneno mengine, anayelipa mapema hulipa kidogo, lakini hulipia ahadi.

Dola 30 ni kama rial 11 na nusu, kwa kuwa tangu mwaka 1986 rial moja ya Oman imekuwa sawa na dola 2 na senti 60. Kwa nyumba nyingi za Maskati hiyo ni bei ya chakula cha jioni cha familia. Huko Unguja dola hizo hizo ni zaidi ya shilingi 70,000, na yule binamu asingethubutu kumtajia baba yake kiasi hicho kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo ombi lilikuwa la rial 23, yaani yake na ya mwenzake. Wa Uingereza alikuwa na pesa zake za kazi ya mwisho wa wiki.

Hatukutaka kumjibu papo hapo. Ni wepesi kusema kuwa michezo ya kompyuta ni upuuzi, na ukumbini walikuwepo waliosema hivyo, tena baadhi yao wakiwa na simu mikononi. Lakini kama watoto watatu wa ukoo mmoja walioko katika nchi tatu wanazungumza lugha ya babu zao kwa sababu ya mchezo, basi mahali wanapokutania si jambo dogo. Wakigawanyika, wawili wakahamia mchezo mpya na mmoja akabaki nje kwa kukosa pesa, je, hayo mazungumzo yataendelea?

Tuanze na biashara yenyewe. Duka la Steam lilifungua rasmi mlango wa kuuza michezo isiyokamilika mwezi Machi mwaka 2013, lakini mtindo huo ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Minecraft. Mchezo huo ulianza kuuzwa mwaka 2009 ungali mchanga kabisa, kwa karibu euro 10, na ulipotangazwa kuwa kamili Novemba 2011 bei yake ilikuwa karibu euro 20. Waliolipa mwanzo walipata kila kilichoongezwa baadaye bila ya kutoa senti nyingine. Baldur's Gate 3 nao uliuzwa ukiwa na sehemu yake ya kwanza tu mwezi Oktoba 2020, ukakamilika Agosti 2023.

Kwa upande mwingine kuna Star Citizen. Michango ya mchezo huo ilianza kukusanywa mwaka 2012, ikasemwa kuwa utatoka mwaka 2014, na hadi kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimeingia zaidi ya dola milioni 700 na mchezo haujatangazwa kuwa kamili. Kuna watu waliouchangia wakiwa wanafunzi, ambao leo wana watoto wa kuwapeleka shule. Na kuna The Day Before, ambao ulianza kuuzwa tarehe 7 Disemba 2023. Siku nne baadaye kampuni iliyoutengeneza, Fntastic, ilitangaza kwamba inafunga milango, na tarehe 22 Januari 2024 seva zake zikazimwa. Wanunuzi walirudishiwa pesa zao, na hilo lisemwe kwa haki, lakini mchezo haukubaki hata kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo mchezo wa mtandaoni unapotofautiana na mwingine. Mchezo wa kucheza peke yako, hata ukiachwa nusu, ile nusu iliyomo katika kompyuta yako ni yako. Wa mtandaoni unaishi katika seva ya mwenyewe, na akiizima ndiyo basi. Hata kukamilika si kinga, kwani The Crew ya kampuni ya Ubisoft ilikuwa kamili tangu mwaka 2014, na seva zake zilipofungwa mwishoni mwa Machi 2024 walioinunua hawakuweza kuicheza tena.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza, mtu wa Batinah aliyezaliwa Zanzibar, alituuliza: "Sasa hii si kama tanaa?" Kwa wasomaji wetu walioko mbali, tanaa ni mnada wa tende zikiwa bado mtini, unaofanyika katika vijiji vya Oman mwanzoni mwa kiangazi. Dalali hupita mtende mmoja baada ya mwingine, watu wakataja bei, na mshindi huwa amenunua matunda ya mtende ule kwa msimu ule. Wenye asili ya Pemba wanayajua mambo ya namna hiyo kwa mikarafuu inayokodishwa kabla ya kuchumwa.

Tuliuzingatia mfano wa mzee. Katika tanaa mnunuzi analipa mapema, lakini amesimama chini ya mtende. Anaona mikungu ni mingapi, anaona tende zimeanza kugeuka rangi, na anajua kama ni naghal au khalas. Ipo pia biashara ya salam, ambayo watu wa Madina waliifanya kwa tende zisizokuwepo bado, lakini hiyo ina masharti: kipimo kijulikane, sifa zijulikane na siku ya kukabidhiwa ijulikane. Yule anayelipia ramani nane zilizoahidiwa haoni mkungu wowote wala hana tarehe mkononi. Hatutoi fatwa hapa, jambo hilo lina wenyewe. Tulichomwambia kijana ni kwamba zile ramani mbili zilizopo ndiyo tende anazoziona. Kama hizo peke yake hazina thamani ya rial 11 na nusu, asinunue. Steam yenyewe huwaambia wanunuzi maneno yanayokaribia hayo, kwamba kama mchezo haukuvutii jinsi ulivyo leo, ngoja kwanza.

Alijibu kwamba mbili zinatosha. Likabaki suala la laini, na hilo halionekani kwa kutazama picha. Kwa wakati ule seva za mchezo zilikuwa Ulaya tu. Maskati ina nyaya nyingi za baharini. Unguja hali ni nyingine, na wengi wanakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Hata siku ya kawaida, risasi ya mtoto wa Unguja husafiri hadi Ulaya kabla haijamfikia adui yake.

Hivyo tukaamua kujaribu kwa masharti ya duka. Steam inarudisha pesa kwa sababu yoyote ile, mradi hazijapita siku 14 tangu kununua na hujacheza saa mbili. Saa hizo huhesabiwa tangu mchezo unapofunguliwa, hata kama umekaa kwenye foleni ya kuingia, kwa hiyo wanaotaka kufanya kama sisi wasiuache wazi wakaenda kula. Jamaa yetu wa Unguja alitumiwa pesa akalipa kwa kadi yake, sisi tukalipa ya Al Khoud, na wa Uingereza akalipa yake. Walianza saa tatu usiku saa za Oman, nasi tuliweka saa ya simu ilie baada ya dakika 90.

Dakika 20 za mwanzo zilikuwa shangwe tupu. Kisha wa Unguja akaanza kukwama. Mtu wake alikuwa akikimbia, anasimama kama mti, halafu anaonekana ameshakufa. Alijaribu tena na tena. Dakika ya 70 hivi tulimsikia akisema: "Nyinyi chezeni tu, mie nitatazama." Wa Uingereza alinyamaza. Wa Al Khoud alivua vifaa vya masikioni, akatoka ukumbini na kusema: "Ami, turudishe."

Tulimkumbusha kwamba bei itapanda, na watengenezaji wameahidi kuongeza seva siku za usoni. Alituambia zikiongezwa tutalipa hiyo bei ya juu, na tukakubaliana naye. Maombi yote matatu yalikubaliwa, na pesa zilirudi kwenye kadi baada ya siku chache. Usiku ule ule walirejea kwenye mchezo wao wa zamani wa mpira, na tulipopita mlangoni tukienda zetu, wa Unguja alikuwa akilalamika kwamba bao alilofungwa lilikuwa la kuotea.