Gurudumu la Fundi au Gurudumu la Kiwandani?

Tangu mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalipofanyika mjini Kigali mwezi Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, wameongezeka katika kambi na vituo vyetu askari, wake kwa waume, wenye ari ya kumiliki baiskeli ya mbio. Baadhi yao wamekwisha kuipata, aghalabu ile iliyokwisha kutumika ng'ambo, na sasa wanatuuliza swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa urefu. Iwapo askari amejinyima kwa miezi kadhaa akaweka akiba ya kununua magurudumu mapya, je, anunue yaliyokamilika kutoka kiwandani, au anunue rimu, spoki na habu kila kimoja peke yake, kisha ampe fundi ayasuke kwa mkono?

Swali hili si dogo. Fedha anazozitia mtu katika magurudumu ni fedha ambazo zingeweza kulipa karo au kununua mabati. Tena gurudumu likivunjika katika mteremko, baiskeli ikienda kilomita 60 kwa saa, hasara haihesabiwi kwa fedha.

Kabla ya kuchagua, yatupasa tujue gurudumu hufanyaje kazi, maana wengi hudhani kwamba spoki hubeba uzito kama nguzo zibebavyo dari. Sivyo. Spoki ni kijiti chembamba cha chuma chenye unene wa milimita 2 tu, na ukikisukuma kutoka juu hupinda mara moja. Nguvu yake imo katika kuvutwa. Askari yeyote aliyewahi kusimamisha hema atalielewa jambo hili upesi: mlingoti husimama imara kwa kuwa kamba za pande zote zimekazwa kwa kadiri iliyo sawa, na kamba moja ikilegea, upepo wa usiku huionyesha. Ndivyo ilivyo habu katikati ya rimu. Mhandisi Jobst Brandt, katika kitabu chake The Bicycle Wheel kilichotoka mwaka 1981, alieleza kwamba uzito wa mpandaji ukishuka katika gurudumu, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hupungukiwa mkazo kidogo, kisha huurudia gurudumu linapozunguka. Maadamu mkazo wa awali ni mkubwa wa kutosha, spoki hazilegei kabisa, na gurudumu hudumu miaka.

Spoki isiyokazwa vema hulegea na kukaza, hulegea na kukaza, kila gurudumu lizungukapo. Gurudumu la baiskeli ya mbio hupita mita 2.1 hivi kwa mzunguko mmoja, yaani huzunguka zaidi ya mara 4,700 katika kila kilomita 10. Chuma nacho huchoka. Hatimaye spoki hukatika, mara nyingi katika shingo yake, pale inapopinda kuingia katika habu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba spoki zake zinakatika kwa sababu zimekazwa mno, usiharakishe kumwamini, yamkini zimelegea.

Kazi ya fundi

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza. Tulimtembelea mmoja ambaye hufanya kazi chini ya mwembe karibu na soko, na tukamkuta koplo mmoja amemletea rimu mbili zingali ndani ya karatasi zake.

"Afande, wewe una kilo ngapi?" fundi akauliza, hata kabla hajazishika.

"Themanini na nane. Kwani hilo lina shauri gani, fundi? Nimeleta rimu, sikuleta mzani."

"Lina shauri, afande. Na barabara utakayopita ni lami au murram?"

Tulifurahi kuyasikia maswali hayo, kwani hapo ndipo ulipo ubora wote wa gurudumu la mkono. Linaundwa kwa ajili ya mtu mmoja na njia yake. Kwa koplo yule fundi alishauri spoki 32 katika gurudumu la nyuma, kila moja ikipishana na nyingine mara tatu kabla ya kufika rimu. Upande wa kulia, penye meno ya gia, spoki husimama karibu wima na hudai mkazo mkubwa, kama kilo 100 hadi 120 kwa kila moja. Za kushoto huweza kuwa na nusu yake au kuzidi kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya gurudumu la nyuma lisumbue kuliko la mbele, na ndipo mafundi wasiojua hupatikana. Fundi yule alipokwisha kulinyoosha alizigonga spoki moja moja kwa kucha akisikiliza sauti zao, kama mpiga gitaa, kisha akazishika mbili mbili na kuzibana kwa nguvu ili zikae mahali pake, akalinyoosha tena. Kazi hiyo haifanywi kwa dakika kumi.

Haifai, hata hivyo, kulisifu gurudumu kwa kuwa limeshikwa na mkono tu. Mkono wa nani? Wapo mafundi ambao hulizungusha gurudumu, wakaona limeyumba kushoto, wakaikaza spoki moja ya kulia mpaka likanyooka, basi wakapokea fedha zao. Gurudumu la namna hiyo ni nyoofu kwa macho lakini spoki zake hazivuti sawa, na baada ya wiki moja litayumba tena. Afadhali la kiwandani mara kumi.

Wazee wetu walilijua jambo la kugawa spoki kwa kufuata uzito. Zile baiskeli nzito za Kiingereza zilizoenea katika Afrika Mashariki zilikuwa kwa desturi na spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana sehemu kubwa ya uzito hukaa nyuma. Na askari wanaopenda historia ya vita watakumbuka kwamba mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, wapagazi walisukuma milimani baiskeli zilizobebeshwa zaidi ya kilo 200 kila moja. Zilikuwa baiskeli za kawaida zilizoimarishwa, na magurudumu yake ya spoki yalistahimili.

Kazi ya kiwanda

Hadi miaka ya 1990 hata mabingwa wa Ulaya walipanda magurudumu yaliyosukwa kwa mkono na makanika wa timu zao. Katikati ya miaka hiyo kampuni chache, na Mavic ya Ufaransa ikiwa miongoni mwa zilizotangulia, zilianza kuuza magurudumu yaliyokamilika, ambayo rimu, spoki na habu zake zimebuniwa pamoja tangu mwanzo. Faida zake ni za kweli, na hatutazificha. Kwa kuwa rimu ni ngumu zaidi, spoki hupunguzwa zikawa 24, 20, au hata 16. Spoki zenyewe huwa bapa ili kuukata upepo. Rimu za kaboni huwa ndefu kwenda ndani na hata hivyo ni nyepesi. Mpandaji aendaye kilomita 40 kwa saa hupigana zaidi na upepo kuliko na kitu kingine chochote, kwa hiyo katika barabara tambarare gurudumu la namna hiyo humpa nafuu isiyo ya kudhania.

Lakini neno "kiwandani" huficha vitu viwili vilivyo mbali. Yako magurudumu ya bei ya chini ambayo hukazwa na mashine kwa haraka, yakapakiwa bila kuguswa tena. Haya huja na mkazo mdogo, na ndiyo yanayokatika spoki mapema. Yako pia ya bei ya juu ambayo, baada ya mashine kumaliza sehemu yake, hunyooshwa na mafundi mmoja baada ya mwingine. Mnunuzi anayefuata tangazo peke yake hawezi kuyatenganisha.

Wako wanaodai kwamba la kiwandani haliwezi kustahimili njia mbaya. Dai hilo lilikuwa na nguvu zamani. Katika mbio za Paris-Roubaix huko Ufaransa, zilizoanza mwaka 1896, wapandaji huenda kiasi cha kilomita 260, na karibu 55 kati ya hizo ni barabara za mawe yaliyopangwa tangu enzi za mikokoteni. Kwa miaka mingi timu zilizotumia magurudumu ya kiwandani msimu mzima ziliyaweka kando siku hiyo, na makanika wakasuka ya rimu za alumini zenye spoki 32. Kisha mwaka 2010 Fabian Cancellara wa Uswisi akashinda akiwa juu ya rimu za kaboni za kampuni ya Zipp ya Marekani, na tangu hapo kaboni imetawala hata juu ya mawe yale.

Je, basi ubishi umekwisha? Kwa Cancellara, naam. Lakini nyuma yake lilikuwamo gari la timu lililojaa magurudumu ya akiba. Hali ilikuwa hiyo hiyo Kigali: mbio za wanaume za kilomita 267.5, zenye milima na vipande vya mawe, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda na watu 30 tu wakafika mwisho, zilifuatwa na magari na makanika. Askari atokaye kambini alfajiri akaenda kilomita 50 peke yake kabla ya kuingia zamu hafuatwi na mtu. Spoki moja ikikatika katika gurudumu la spoki 32, litayumba. Ataifungua breki kidogo, azungushe ile spoki iliyokatika kwenye jirani yake, arudi polepole. Ikikatika katika gurudumu la spoki 20, mara nyingi rimu itapinda hata kugusa fremu, na atarudi amelibeba begani. Na afande wa zamu hapokei udhuru wa spoki.

Kisha liko jambo la vipuri, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Magurudumu mengi ya kiwandani hutumia spoki za namna yake, zisizo na shingo, zenye nati zake na ufunguo wake. Ukiyanunua, umefunga ndoa na kampuni. Kampuni nazo hubadilisha mitindo kila baada ya miaka michache, na hata zilizo kubwa hutikisika: Mavic yenyewe iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama mwaka 2020 kabla ya kupata mnunuzi. Gurudumu la mkono, likisukwa kwa spoki za kawaida zenye shingo, linaweza kutengenezwa na fundi yeyote stadi kutoka Mombasa hadi Goma. Rimu ikichakaa hubadilishwa rimu, habu ikabaki.

Hapa tuonye kidogo. Spoki za zile baiskeli nzito za inchi 28 zinazouzwa kila duka haziingii katika baiskeli ya mbio: rimu zake zina kipenyo cha milimita 635 mahali pa kukalia tairi, na za mbio milimita 622. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini spoki iliyozidi au kupungua milimita 3 haifai. Yule auzaye rimu na habu aulizwe urefu kamili, wa kulia na wa kushoto, kwani katika gurudumu la nyuma haulingani.

Hukumu yetu ni hii. Askari mwepesi, asiyezidi kilo 70 hivi, aliye katika klabu yenye gari na fundi, na anayeshindana katika lami nzuri, anunue ya kiwandani bila wasiwasi, ila yawe ya alumini iwapo baiskeli yake inatumia breki za kubana rimu. Rimu ya kaboni hupata joto jingi ikibanwa katika mteremko mrefu, na milima ya Kabale na ya Rwanda ina miteremko ambayo hairuhusu kuachia breki. Mwenye breki za diski hana tatizo hilo. Ya kaboni yaliyokwisha kutumika tunayakataza kabisa: alumini hupinda ukaiona, kaboni huweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana mpaka siku ya kuvunjika.

Wengine wote, hasa walio wazito na wanaopita lami yenye mashimo, wapeleke rimu kwa fundi. Spoki 32 nyuma na 28 mbele zatosha. Mwenye fedha ya kutosha upande mmoja tu asuke la nyuma, na la mbele abaki na la kiwandani, kwa kuwa la mbele hubeba kidogo na ndilo linaloanza kukutana na upepo.

Na aliyekwisha kununua ya kiwandani asijilaumu. Ayapeleke kwa fundi kabla ya kuyapanda, ayakaze sawasawa, kisha ayarudishe baada ya kilomita 200 yakaguliwe tena. Spoki za akiba, mbili mbili za kila urefu, zifungwe kwa utepe ubavuni mwa fremu, za kulia na za kushoto zikiwa zimetiwa alama, pamoja na ufunguo wake.