Madaktari wanapotofautiana kuhusu saratani: Swali la kuuliza kabla ya harambee

KATIKA Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) mjini Eldoret, ni nadra mgonjwa wa saratani kufika peke yake. Huandamana na mumewe au mkewe, wana wawili watatu, shangazi aliyebeba Biblia mkobani, na kijana aliyekabidhiwa bahasha kubwa ya picha na karatasi za hospitali. Wengine hutoka Nandi na Elgeyo Marakwet, wengine mbali zaidi, Pokot Magharibi na Turkana.

Bahasha hiyo ndiyo huzua mtafaruku. Ndani yake huenda mkawa na maoni ya daktari aliyetaka mgonjwa apasuliwe upesi, ya mwingine aliyesema dawa zitangulie, na ya wa tatu aliyeshauri asipasuliwe kabisa. Familia hubaki ikijiuliza ni nani aseme kweli, na ni nani anayetafuta pesa tu.

Mara nyingi wote husema kweli. Ili kuelewa sababu, tuchukue mfano wa saratani ya umio, yaani mfereji unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo huwapata watu wengi katika eneo la Bonde la Ufa, wakiwemo vijana wasiovuta sigara wala kunywa pombe. Chanzo chake hakijafahamika chote. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzijoto 65 huenda vikasababisha ugonjwa huu, na utafiti uliofanywa papa hapa Eldoret ukaonyesha kuwa wanaokunywa chai ikiwa moto sana wamo hatarini zaidi. (Hili si jambo rahisi kumweleza mzee wa huku, ambaye hurudisha jikoni kikombe kisichofuka moshi.)

Umio hutanuka. Kwa sababu hiyo uvimbe hukua kimyakimya, na mtu hagutuki hadi sehemu kubwa ya njia iwe imezibwa. Kwanza ugali hukwama, kisha wali, kisha hata uji. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani kwa miezi kadhaa. Wanapofika hospitali, saratani mara nyingi imekwisha kutambaa nje ya umio.

Hapo ndipo madaktari huanza kutofautiana. Daktari wa upasuaji aliyemulika umio kwa kamera na kuona uvimbe mdogo anaweza kusema, “Tutaukata.” Wiki mbili baadaye picha ya CT inaonyesha kuwa ini limeguswa, na mtaalamu wa saratani anasema upasuaji hautasaidia. Hawakupingana, kila mmoja alizungumza kulingana na alichokuwa nacho mezani siku hiyo. Aidha, jibu la maabara kuhusu kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe linaweza kubadilisha kila kitu, kwani saratani za aina mbili katika kiungo kimoja huweza kutibiwa kwa njia tofauti kabisa. Anayeamua matibabu kabla ya jibu hilo kutoka anabahatisha.

Vifaa navyo vina usemi. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za tiba ya mionzi, na mgonjwa wa Eldoret alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 na kungoja zamu yake. Daktari aliyezoea foleni hiyo angeweza kumwanzishia mgonjwa tibakemia ilhali mwenzake wa nchi nyingine angeanza na mionzi. Mambo yamebadilika. Mwaka 2015 kituo cha Chandaria cha saratani na magonjwa sugu kilifunguliwa MTRH, kwa ushirikiano na mpango wa AMPATH unaoleta pamoja hospitali hiyo, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini. Hata hivyo, hadi leo ushauri wa daktari hutegemea pia kilichopo alipo.

Sasa, badala ya kuuliza “Nani mkweli?”, familia ingefaa kumuuliza kila daktari swali moja: Matibabu haya yanakusudia kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Aliyesema “apasuliwe” alitumaini kuponya. Aliyependekeza kijibomba cha waya kiwekwe ndani ya umio, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana nayo kwa miaka mingi, alitaka mgonjwa aweze kumeza chakula tena. Hayo ni malengo mawili tofauti, na wanaokaa kwenye kikao cha familia bila kujua ni lipi linalozungumziwa watagombana bure.

Swali hilo huokoa mashamba pia. Si siri kwamba ekari za mahindi Uasin Gishu zimeuzwa ili mgonjwa apelekwe India, na harambee zimeitishwa usiku kucha kwa simu kabla mtu yeyote hajauliza atakachofanyiwa huko. Bima husaidia, lakini ina mpaka. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kiwango cha saratani kilikuwa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka. Viwango hubadilika, kwa hivyo ni vyema kuulizia hospitalini.

Sheria nayo imempa mgonjwa nguvu asizozijua. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unatambua haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, nayo Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, manufaa, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo usione haya kuomba nakala ya ripoti zako. Daktari mwema hatakasirika. Unaweza pia kuomba kesi yako ijadiliwe katika kikao cha pamoja cha wataalamu, ambapo wa upasuaji, wa tibakemia na wa mionzi huitazama picha ileile wakiwa chumba kimoja.

Anayeelezwa ni mgonjwa mwenyewe. Familia nyingi humficha mama jina la ugonjwa kwa kumwonea huruma, wakamwambia ni “kidonda.” Mama huyo hunyolewa nywele na dawa, akawaona wenzake wodini, akajua. Kisha naye hunyamaza ili asiwaumize wanawe, na nyumba nzima ikaigiza mbele ya mtu anayehitaji kusema lake.

Na imani je? Wengi hapa Eldoret huombewa kabla ya kila dozi, na sijasikia daktari anayelikataza hilo. Maombi humpa mgonjwa utulivu na watu wa kuketi naye, mambo ambayo hospitali haina muda nayo. Shida huanza anapoambiwa achague. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walifurika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500 za Tanzania. Wapo waliofia foleni, na wapo waliorudi nyumbani wakatupa dawa zao. Mfungo nao una uzito wake: asiyeweza kumeza tayari amekonda, na siku tatu bila chakula zinaweza kumfanya asistahimili dozi inayofuata. Uislamu unamruhusu mgonjwa kufungua, na mchungaji mwenye busara atafunga kwa niaba yake.

Pale daktari anaposema kuponya hakuwezekani, familia nyingi husikia kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Eldoret kuna hospice, na wahudumu wa aina hiyo nchini hutumia mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwa kipimo alichoandikiwa. Wapo wanaoikimbia wakihofu uraibu au wakidhani huharakisha kifo. Ikitolewa inavyopaswa, mofini humwezesha mgonjwa kulala usiku na kuongea na wajukuu mchana.