Tuma kwa Watu Kumi

Simu ya shangazi yangu huanza kulia kabla ya adhana ya alfajiri. Zinaingia dua, picha za waridi zenye aya juu yake, sauti za mawaidha. Juzi alinisogezea kioo usoni.

“Mwanangu, hebu nisomee vizuri. Wanasema nisipotuma kwa watu kumi, balaa litanifika kabla ya Ijumaa. Kweli?”

Nilimtazama. Mtu aliyefunga Ramadhani zaidi ya hamsini anatishwa na ujumbe usio na mwenyewe.

Vitisho hivi havikuletwa na intaneti. Mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, hasa Lindi. Ilisimulia ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume na kuwataka watu watubu, kwani Kiyama kimekaribia. Ilinakiliwa kwa mkono, ikapita msikiti hadi msikiti. Watawala wa Kijerumani, waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza vita vya Maji Maji, waliingiwa na hofu, wakaisaka.

Barua ile ilitembea kwa miguu na kwa jahazi. Ya leo hutoka Tanga ikafika Muscat kabla chai haijapoa. Wakati wa korona, Aprili 2020, WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utumwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati.

Lakini muumini hakupaswa kungoja kampuni imfunge mkono. Sura ya Al-Hujurat inaagiza habari ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wakristo nao wana amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Hukumu ya ulimi haiwezi kukoma pale kidole kinapoanza kazi. Anayesambaza dawa ya uongo kwa jina la Mungu, au kumzushia padri au sheikh asichokisema, amebeba dhima ileile, hata kama maneno aliyatunga mwingine.

Nilimwambia shangazi: dua haihitaji kutishwa, na Mungu hahesabu ujumbe tuliotuma.

Alinyamaza kidogo. “Basi siutumi. Hao watu kumi nitawaombea mwenyewe.”

Akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, akainua mikono, akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina.